Chenji ya Rada na Ufunguo wa Maktaba

Nimeombwa nizungumzie namna walimu wa maktaba wa Lushoto na Bumbuli wanavyoweza kuwajengea wanafunzi utamaduni wa kusoma. Ni mada ya upole, na mada za upole huwa tunazisikiliza, tunapiga makofi, tunakwenda kula. Leo nitaianzia mahali pasipo na upole, kwenye fedha ambazo nchi nzima ilizipa jina la chenji ya rada. Sijui habari nyingine inayoonyesha vizuri zaidi jinsi sisi watu wazima tulivyo hodari wa kupigania vitabu hadi ng'ambo ya bahari, na tulivyo wazembe vikishatufikia mikononi.

Mnaikumbuka. Serikali ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya Kiingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Hata ndani ya serikali ya Uingereza, Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliipinga biashara hiyo kwa kuwa bei ilikuwa mzigo kwa nchi maskini. Desemba 2010 kampuni ilifikishwa mahakamani Southwark, London, ikakiri kosa. Kosa lenyewe lisikilizeni vizuri: kutotunza ipasavyo kumbukumbu za mahesabu ya fedha alizolipwa wakala wake Tanzania. Ikatozwa faini ya pauni laki tano, na ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29 na nusu. Malipo yakachelewa, kukawa na ubishi juu ya nani azipokee, na mwaka 2011 ujumbe wa wabunge wetu ukiongozwa na Naibu Spika Job Ndugai ukasafiri hadi London kuzidai. Zikalipwa mwaka 2012, zaidi ya shilingi bilioni 70, kwa makubaliano kwamba zinunue vitabu vya kiada vya shule za msingi, miongozo ya walimu na madawati. Walioitetea haki yetu walifanya kazi yao, na sitawanyima shukrani.

Mgawo huo ulikuwa wa shule za msingi za serikali nchi nzima, nasi wa Usambara tumo. Maswali yaliyopigiwa kelele yalikuwa mawili: ni vitabu vingapi, na amevipokea nani. Swali la tatu halikupata msemaji: vimesomwa na nani? Nguvu ile iliyotupandisha ndege kwenda kudai haikutufikisha kwenye mlango wa darasa. Katika shule zetu nyingi kitabu kikifika hupokelewa, hugongwa muhuri, huandikwa kwenye leja, kisha huingia kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, au stoo, pamoja na majembe na ndoo. Na haikuwa kwamba ugonjwa haujulikani. Mwaka 2010, fedha zile zikiwa bado mikononi mwa Waingereza, watafiti wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto, wakakuta mmoja kati ya watano waliomaliza darasa la saba hawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Februari 2013, vitabu vya rada vikiwa ndiyo habari ya mjini, yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne: zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, asilimia zikapanda kwenye karatasi. Sisemi vitabu vya shule za msingi vya mwaka mmoja vingewaokoa watahiniwa wale. Ninasema nchi iliyokuwa na majibu hayo mezani ilipaswa kuvifuata vitabu vyake hadi kwenye macho ya mtoto, na haikuvifuata.

Sasa tumtazame aliyekabidhiwa ufunguo. Katika shule nyingi za umma hakuna mkutubi aliyesomea kazi hiyo. Chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kipo Bagamoyo tangu 1989, lakini ni nadra kumkuta mhitimu wake katika shule ya kata. Aliyepo ni mwalimu wa Historia au wa Kiswahili mwenye vipindi vyake kamili, akaongezewa maktaba kwa agizo la mkuu wa shule, bila posho, bila kupunguziwa vipindi, bila semina. Vitendea kazi vyake ni leja na kufuli. Akija mkaguzi, swali ni moja: kwenye leja vimeandikwa vitabu 300, kabatini vipo vingapi? Vikiwa 300, mwalimu huyu ni mwaminifu. Vikiwa 280, ana maelezo ya kutoa, na pengine atalipa kutoka mfukoni. Hakuna anayeuliza vile 300 vimeazimwa mara ngapi. Basi mwalimu mwenye akili timamu, mwenye mshahara wa kugawanya kati ya kodi ya nyumba na ada ya wadogo zake, anafanya jambo lenye busara kabisa kwa upande wake: anafunga. Sisi ndio tuliomfundisha kufunga. Kitabu kilichopotea tumekiwekea adhabu. Kitabu ambacho hakijafunuliwa miaka sita hatujakiwekea hata swali. Kampuni ya rada ilitiwa hatiani kwa daftari lenye kasoro, na sisi tunajivunia madaftari yaliyo sahihi hadi nukta ya mwisho, ilhali watoto hawasomi.

Kuna atakayesema ninatia chumvi, kwamba kitabu kikishafika shuleni kazi kubwa imekwisha, yaliyobaki ni ya mwanafunzi mwenyewe. Ushahidi unakataa, na hautoki sehemu moja. Sierra Leone, watafiti Shwetlena Sabarwal, David Evans na Anastasia Marshak walifuatilia mpango wa kugawa vitabu vya kiada katika shule za msingi, na walichokieleza mwaka 2014 kinasomeka kama habari ya jirani. Vitabu vilifika shuleni, vingi havikufika kwa watoto. Viliwekwa stoo. Walimu wakuu hawakuwa wezi. Hawakujua shehena nyingine ingekuja lini, wakaona heri vilivyopo viwe akiba, na ufaulu ukabaki palepale. Busia, magharibi ya Kenya, Michael Kremer, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na Paul Glewwe na Sylvie Moulin, walipima katika miaka ya 1990 matokeo ya kuzigawia shule vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa mbele tangu awali, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza kilichowazidi walio wengi. Na hapa Tanzania Bara, mwaka 2013 na 2014, Isaac Mbiti na wenzake, wakishirikiana na shirika la Twaweza, walifanya majaribio katika shule 350 za wilaya 10. Shule zilizopewa ruzuku peke yake, Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi, fedha zilizotumika kwa sehemu kubwa kununulia vitabu na vifaa vya kufundishia, hazikuonyesha mabadiliko ya maana. Zilizopewa ruzuku pamoja na motisha kwa walimu ndizo zilizopanda. Ukiyasoma haya matatu kwa pamoja huwezi tena kusema tatizo letu ni uhaba wa vitabu peke yake. Uhaba upo, na ni mkubwa. Lakini kitabu hakifanyi kazi mpaka awepo mtu mwenye sababu ya kukitoa kabatini, na mwenye kujua kinamfaa mtoto yupi.

Mtu huyo akiwepo, mambo hubadilika upesi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walianza jaribio katika shule za vijijini Fiji, visiwa ambavyo watoto wake huongea lugha nyingine nyumbani na kusomeshwa kwa Kiingereza. Madarasa ya nne na ya tano yalipewa vitabu 250 vya hadithi kila moja, vyenye picha na visa vya kuvutia. Katika baadhi ya madarasa mwalimu aliwasomea watoto na kuzungumza nao juu ya kisa. Katika mengine watoto walitengewa muda kila siku wa kusoma kimya wanachokitaka. Katika kusoma na kusikiliza watoto hao walipiga hatua karibu mara mbili ya wenzao waliobaki na masomo ya kawaida. Tazameni sasa kwetu. Mtoto wa Mlalo au Mtae hulelewa kwa Kishambaa, akiingia darasa la kwanza hukutana na Kiswahili, akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka Kiingereza. Anavuka lugha mbili ndani ya miaka minane, na kila anapovuka tunamkabidhi kitabu cha kiada kinachodhani ameshavuka. Wa kumshika mkono ni nani? Mwalimu wa somo ana muhtasari wa kumaliza kabla ya mtihani. Mwalimu wa maktaba ndiye pekee shuleni ambaye hana muhtasari unaomkimbiza. Anaweza kumpa mwanafunzi wa kidato cha pili kitabu cha Kiswahili cha darasa la tano bila kumwaibisha, na kesho yake hadithi fupi ya Kiingereza chepesi, na wiki ijayo ndefu kidogo. Mamlaka hayo madogo ni makubwa kuliko anavyoambiwa.

Nimesema hivyo kwa sababu walimu wa maktaba wameaminishwa kwamba kazi yao ni ulinzi, na mlinzi hupimwa kwa alichokizuia. Nawaomba muikatae kazi hiyo. Mlango ufunguliwe saa ambazo mtoto yupo na hana kipindi: mapumziko ya asubuhi, na nusu saa kabla ya kwenda nyumbani. Maktaba inayofunguliwa saa kumi na moja jioni ni ya wanafunzi wa bweni. Msichana wa kutwa anayepanda kilima kwa mwendo wa saa nzima, na nyumbani anasubiriwa na kuni na maji, mnamfungia mlango kwa ratiba tu, bila hata kufuli. Kwa huyo, kitabu cha kuazima Ijumaa na kurudisha Jumatatu ndiyo maktaba yenyewe. Panga vitabu kwa ugumu wake, utie alama ya rangi kwenye mgongo wa kitabu, ili mtoto aweze kuchagua bila kuuliza na bila kuchekwa. Wasomee kwa sauti. Mara moja kwa juma, sura moja, darasa zima, ukate pale ambapo hakuna atakayetaka ukate. Kitabu hicho kitaombwa kabla hujafika ofisini. Wape wanafunzi wenyewe zamu ya kuazimisha, na uchague wale watundu pia, maana mtundu akiaminiwa ufunguo hujua wenzake wameficha nini na wapi. Kitabu kilichoachia kurasa kishonwe kwa uzi na kutiwa gundi mbele ya watoto, wajue kwamba kuchakaa si kosa la jinai. Na rejista ya kuazimia isiwe ya kusakia wadaiwa tu. Isome kila mwisho wa mwezi. Ukiona kidato cha tatu B hakuna jina hata moja, umepata pa kwenda. Ukiona kitabu kimoja kimeazimwa mara 20, umepata cha kuomba vingine kama hicho.

Hapo wakuu wa shule wananiangalia, na najua wanachotaka kusema: vitabu vitapotea. Ndiyo, vitapotea. Vingine vitanyeshewa kwenye masika njiani, vingine vitachanwa na mdogo wa mtoto, vingine vitabaki kwa aliyehama shule. Mkulima wa viazi wa Lukozi anajua sehemu ya mbegu itaoza ardhini, lakini hajawahi kuifungia mbegu yote kabatini kwa kuogopa hasara hiyo. Tofauti ni kwamba yeye haitwi na mkaguzi kuulizwa juu ya kila kiazi. Kwa hiyo hoja ya upotevu haijibiwi kwa kumhimiza mwalimu awe jasiri. Ni dhuluma kumwambia mtu awe jasiri kwa mshahara wake mwenyewe. Inajibiwa kwa uamuzi wa kikao. Kamati ya shule, au bodi kwa sekondari, ikubaliane mapema kiwango cha upotevu wa kawaida kwa mwaka, iandike kwenye muhtasari, iombe halmashauri iridhie, na mwalimu wa maktaba asidaiwe senti moja ndani ya kiwango hicho maadamu rejista yake inaonyesha vitabu vilitoka kwenda kusomwa. Zaidi ya hapo ulizeni, chunguzeni, anayeuza vitabu vya shule achukuliwe hatua. Na mkaguzi naye, pamoja na mthibiti ubora, akishamaliza kuhesabu vilivyopo, aombe kuona vilivyoazimwa. Shule yenye vitabu 300 na uazimaji sifuri iandikwe kwenye ripoti kwamba ina hoja ya kujibu. Mali bila daftari hupotea bila habari, wamesema wahenga, na hawakukosea. Ila mali yenye daftari nayo hupotea, ikiwa ipo tu na haimfai mtu, na hasara hiyo haina hata anayeililia.

Hoja ya pili ni ya mtihani. Mzazi anasema, mwanangu amekuja kusoma afaulu, hadithi zitamlisha nini? Nasi tumemsaidia kufikiri hivyo, kwa sababu hata chenji ya rada ilipokuja ilinunua vya kiada. Kwa taifa hili kitabu ni kitu cha kufanyia mtihani, na mtihani ukiisha hutupwa. Nina majibu mawili. La kwanza ni hilo la Fiji: watoto walisoma hadithi na uwezo wao wa lugha ukaongezeka, na kwetu mtihani wa Fizikia ni mtihani wa lugha kabla haujawa wa Fizikia. Uchunguzi wa OECD wa mwaka 2000 katika nchi tajiri nao ulionyesha kwamba vijana wa familia za chini wanaopenda kusoma walipata alama za juu kuliko vijana wa familia za juu wasiopenda kusoma. La pili ni hili, na ndilo ninaloliamini zaidi. Mtoto wa Lushoto hatakaa darasani maisha yake yote. Atakwenda kuuza nyanya na karoti Kariakoo, atatia sahihi mkataba wa mkopo, atasoma maelezo ya dawa ya kunyunyizia mboga, atachagua diwani. Kila mahali hapo kuna karatasi, na aliyeiandika anatumaini haitasomwa hadi mwisho. Biashara ya rada ilipitishwa na watu waliojua kusoma, wakitegemea mamilioni ambao hawangesoma. Mzazi anayeona hadithi ni mchezo ajiulize mwanawe atapata wapi uvumilivu wa kusoma kurasa 40 za mkataba, kama hajawahi kusoma kurasa 40 za kisa alichokipenda.

Halafu kuna wale wanaosema kwa sauti ya kijuzi kwamba Mwafrika si mtu wa kusoma, ni mtu wa masimulizi, na siku hizi ameongezewa simu. Juu ya simu sina mengi: anayesoma kwenye simu anasoma, na asiyesoma hakuanza na simu. Lakini hilo la masimulizi lisisemwe hapa Usambara, maana ni kuwatukana waliotutangulia. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliyachukua masimulizi ya Mbegha na watawala wa Kilindi wa Vuga, akayaandika kwa Kiswahili, na wamisionari wa UMCA wakayachapa Magila kwa sehemu, kuanzia miaka ya 1890 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Habari za Wakilindi ikatolewa upya mwaka 1962. Magila hapohapo, chini ya Usambara Mashariki, palichapwa gazeti la Kiswahili karne ya 19, na Tanga mjini gazeti la Kiongozi likafuata baadaye. Vuga palikuwa na mtambo wa kuchapa wa Walutheri. Mkoa huu ulikuwa unachapa na kusoma wakati sehemu kubwa ya nchi haijaliona gazeti. Na tukija karibu zaidi, mwaka 1967 theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma. Katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali zilionyesha wamebaki takriban mmoja kwa kumi. Walisoma chini ya miembe na kwenye mabanda, wakiwa na mikono yenye sugu ya jembe. Watu hao ni babu na bibi wa watoto tunaosema hawana utamaduni. Katika maktaba ngapi za shule za wilaya hii mtoto anaweza leo kuishika Habari za Wakilindi? Mwalimu wa maktaba asiyeipata aanze upande wa pili: awatume wanafunzi wakaandike masimulizi ya wazee wa kijiji, kwa Kishambaa na kwa Kiswahili, ayajalidi, ayaweke rafuni yakiwa na majina ya walioyaandika. Hicho kitaazimwa.

Niseme pia neno juu ya Februari 2023, kwa kuwa ilikuwa nadra sana maktaba za shule kupata ukurasa wa mbele wa gazeti. Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni wala kwenye maktaba za shule, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa sababu za maadili. Tukajadili wiki nzima kitabu ambacho mtoto asome na ambacho asisome, na wengi waliojadili kwa ukali zaidi wana watoto wasiosoma chochote. Mimi sipingi mzazi wala serikali kujali maadili ya mtoto. Ila maadili hayalindwi kwa orodha inayotoka Dodoma peke yake. Hulindwa na mtu aliyekisoma kitabu kabla ya kukiweka rafuni, anayemjua mtoto na umri wake. Huyo ni mkutubi, na ndiye ambaye wakati wa kelele zile hakuna aliyemtaja. Miezi miwili baadaye, 13 Aprili 2023, zikatolewa kwa mara ya kwanza Tuzo za Mwalimu Nyerere za Uandishi Bunifu, na serikali ikaahidi kuchapa kazi zilizoshinda na kuzipeleka shuleni. Jambo jema kabisa. Vitabu vya Kiswahili, vya waandishi wetu, vya hadithi. Nauliza tu: vikifika, vitakwenda kabati lile lile? Vitagongwa muhuri ule ule, vihesabiwe, vifungiwe karibu na vitabu vya rada vilivyobaki? Tukikubali hivyo tutakuwa tumeshindwa mara mbili kwa kosa moja, na safari hii hakuna Mwingereza wa kumlaumu.

Basi tusiachiane hapa kwa makofi. Wakuu wa shule, mwalimu wa maktaba apunguziwe vipindi, hata viwili tu kwa juma, na jina lake liandikwe kwenye ratiba ya shule kama yanavyoandikwa masomo. Msimpe kazi hiyo mwalimu aliyekosea kama adhabu, wala aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu kama mapumziko; mpeni anayesoma. Waheshimiwa madiwani, ruzuku ya elimu bila malipo tangu Januari 2016 imekuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na Sh 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Fedha hiyo ni ya watoto wenu. Daini kwenye baraza si vitabu vingapi vimeletwa tu, daini ripoti ya vilivyoazimwa, shule kwa shule, na katika bajeti ya halmashauri mtenge fungu la vitabu vya hadithi, hata likiwa dogo kuliko posho ya kikao kimoja. Halmashauri iajiri wahitimu wawili watatu wa Bagamoyo wazunguke kata kwa kata kuwafundisha walimu wa maktaba kazi. Hilo halihitaji tume. Wazazi, jioni mtoto akirudi msimuulize tu amepata ngapi. Muulizeni ana kitabu gani mkononi, awasomee, hata kama baba hajui herufi. Akisema hakuna, nendeni shuleni mkaulize kwa adabu ile mnayoitumia kuuliza michango imekwenda wapi.

Na ninyi walimu wa maktaba, ambao kwa kweli ndio nimekuja kuwasemea, msisubiri waraka. Wiki ijayo fungueni kabati, toeni vyote mezani, vifuteni vumbi, muone mna nini. Vitabu vya rada vikiwemo, visivyoendana tena na mtaala mpya ulioanza 2024 bado vina hadithi, ramani na picha. Vikateni, vipangeni upya, viwe vya kusoma. Kisha azimisheni cha kwanza, kwa mtoto wa kwanza atakayeomba, na muandike tarehe. Kitakapopotea kitabu cha kwanza, maana kitapotea, nileteni mimi na hawa madiwani kwenye kikao cha kamati kabla hamjaingiza mkono mfukoni. Kamati zetu zinakutana mwezi huu. Ajenda ya maktaba iwe ya kwanza, kabla ya vyoo na kabla ya uji, watu wakiwa bado hawajachoka.